Viti Vyekundu vya Baba

Mwezi uliopita mimi na kaka yangu tulilishusha gari la Baba kutoka kwenye matofali. Lilikuwa limekaa uani, hapa kwetu Kongowe ya Kibaha, tangu kabla Baba hajafariki, majani yakichomoza kwenye matundu ya taa. Unalijua gari lenyewe hata kama umelisahau: yale madogo ya mviringo, injini nyuma, buti mbele, ambayo watu wa zamani waliyaita kobe. Siku hizi vijana wanayapenda na kupiga nayo picha. Kaka amestaafu na mikono inamwasha kukosa kazi, akasema tulifufue, na viti tushone wenyewe, kwani video za kufundisha zimejaa kwenye simu na mimi cherehani ninayo. Nikakubali.

Mama, ambaye sasa haoni vizuri, alikuwa ameketi barazani akichambua mchicha kwa kupapasa. Aliposikia neno viti, vidole vilisimama. Kisha akasema, "Chagueni nyeusi."

Kaka akacheka. Mimi masikio yalipata moto, kama ya yule mtoto wa darasa la tatu niliyekuwa. Nikaona nikusimulie wewe, maana wanangu wakisikia wataona kichekesho tu.

Wakati ule Baba ndiye aliyekuwa na gari peke yake mtaani kwetu. Alikuwa karani wa ofisi ya serikali, mtu wa bara aliyeletwa pwani na kazi, akaoa kwa kina Mama huko Kibuta, Kisarawe. Gari alilinunua likiwa limekwisha kuchoka kwa watu wengine. Rangi ya nje ilikuwa ya maziwa, nzuri tu, lakini viti vilikuwa vimekufa. Ngozi ya plastiki ilikuwa imepasuka kwa jua, spring zimetokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, na Baba alikuwa ametandaza magunia juu yake. Ukikaa, unachomwa. Ukishuka, umeshikwa na nyuzi.

Aibu yangu ya kwanza ilianzia hapo. Baba akinishusha mbele ya shule, nilikuwa najipangusa sketi kwa mikono miwili kabla sijageuka, na bado wenzangu walikuwa wakinichomoa nyuzi za gunia mgongoni na kuzinyoosha juu ili wote wazione. Nilitamani tungekuwa tunatembea kwa miguu kama watu wengine. Lakini kwa watu wazima lile gari lilikuwa la mtaa. Lilipeleka wagonjwa hospitali ya Tumbi, lilibeba mahindi kwenda mashineni, lilipeleka waliofiwa na kuwarudisha. Hakuna aliyepiga hodi kwa Baba akaambiwa hapana. Kwa kukosa nafasi, watu walipakatana.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mama mjane. Kati ya nyumba yake na yetu palikuwa na ua wa michongoma wenye tundu la kupita mtu mmoja, na tundu hilo halikuota majani kwa jinsi tulivyolipita. Binti yake mkubwa tulimwita Dada. Ndiye aliyekuwa akinisuka nywele kila Jumapili, nimekaa chini kati ya magoti yake, huku akila ukwaju na kunidondoshea kokwa kichwani. Dada alipochumbiwa na kijana wa Kisarawe mjini, Baba alijitolea kumpeleka bibi harusi kwa mumewe. Jirani alifurahi hadi akafunga khanga upya. Ila Baba aliporudi ndani alisimama dirishani akilitazama gari lake kwa muda mrefu.

"Mwali hawezi kukalia gunia," alimwambia Mama.

"Basi mshonee kiti," Mama akajibu. Alisema kwa utani, lakini Baba hakuwa mtu wa kusikia utani.

Fundi wa viti alikuwa Dar, na mambo yake yalikuwa makubwa kuliko mfuko wetu. Kwa hiyo likizo ile yote ikawa ya viti. Sijawahi kuwa na likizo nzuri kama ile. Nasema hivyo nikijua ilikoishia.

Baba aliving'oa viti vyote, akavipanga chini ya kivuli cha nyumba. Mama alizifumua zile ngozi zilizokufa kwa wembe, polepole, kipande kwa kipande, akavilaza vile vipande juu ya magazeti na kuvizungushia chaki ili kupata vipimo. Ndani ya kiti, juu ya spring, tulikuta tabaka la nyuzi za nazi, limeoza na kuwa unga. Baba alilishika, akalinusa, akacheka mwenyewe. "Wazungu nao wanakalia makumbi," alisema. "Makumbi si yapo kwa mama mkwe?"

Tukaenda Kibuta kwa Bibi. Ulikuwa msimu wa korosho, na kijiji kizima kilinukia moshi wake, ule mchungu unaokuna koo lakini bado unautaka. Bibi alikuwa amefukia makumbi kwenye matope ya bondeni kwa ajili ya kusokota kamba. Alipoelezwa shida, alivuta maneno kwa ile sauti yake ya Kizaramo, akasema kamba zitasubiri, mwali hasubiri. Tuliyafukua. Yalinuka kama bata aliyekufa. Kazi yetu watoto ilikuwa kuyapondaponda kwa mchi, kuyasuuza mtoni na kuyaanika, na jioni tulikula mihogo na kisamvu cha nazi kwa mikono ambayo hata sabuni haikuitoa ile harufu. Sikujali. Kaka alinipiga na makumbi mabichi, nami nikampiga, na Bibi akatupiga sote.

Kitambaa kilikuwa marekani, ile pamba nzito. Ilikuwa nyeupe, na Baba alitaka nyekundu, kwa sababu kwenye mikunjo ya ngozi ya zamani, pale ambapo jua halikufika, tuliona viti vilizaliwa vikiwa vyekundu. Bibi alikuwa na rangi ya unga aliyokuwa akichemshia ukindu wa mikeka. Sufuria lilichemka uani kwake, tukatumbukiza marekani, tukakoroga kwa mti. Ilipotoka ilikuwa nyekundu ambayo sijaiona tena. Tuliisuuza kwa maji tuliyokuwa nayo. Maji yalitoka mekundu, kisha ya waridi, na ndoo zikaisha. Bibi alikamua pembe moja, akatazama kiganja, akasema imeshika. Baba naye akakamua, akasema imeshika. Mama akasema imeshika. Nakuambia hivi ili ujue kwamba hakuna aliyefanya uzembe.

Tuliporudi Kibaha, Bibi tulikuja naye. Cherehani ya Mama ilivunja sindano zote kwenye kile kitambaa kinene, ikabidi kushona kwa mkono, kwa shazia, ile sindano ya magunia. Baba aliketi upande mmoja wa kiti na Mama upande wa pili, mmoja akichoma sindano, mwingine akiivuta, kama watu wanaochezeana. Ukingo wa kiti, ule mduara unaokipa sura, Mama aliutengeneza kwa kamba ya katani aliyoivika kitambaa. Baba alirudi kutoka ofisini akiwa anavua tai njiani. Viganja vyetu vyote vilikuwa vyekundu kama vya watu waliopakwa hina, na mtaani waliuliza kama harusi ni ya Dada au ni yetu.

Viti viliporudishwa ndani ya gari, watu walikuja kuvitazama. Viling'aa. Baba alifungua mlango, akafunga, akafungua tena, bila sababu. Jirani aliweka mkono kinywani. Mama alitandika khanga juu yake na kukataza mtu yeyote kukalia kiti cha nyuma hadi mwali mwenyewe. Kwa mara ya kwanza nilitamani shule ifunguliwe kesho, nishushwe pale mbele na nisijipanguse.

Siku ya harusi ndoa ilifungwa asubuhi hapa Kibaha, na baada ya adhuhuri tukaanza safari. Baba aliendesha akiwa na shati jeupe. Mimi nilikaa mbele juu ya mapaja ya Bibi. Nyuma alikaa Dada katikati ya Mama na somo yake aliyemfunda, gauni jeupe limejaa gari zima hadi mabegani mwa Baba. Mama alikuwa ameitoa khanga kwenye kiti kwa mkono wake, na kuikunja vizuri. Aliona hasara kukificha kiti kile.

Tulishika njia ya vumbi ya kutokea Kiluvya. Mvua ilitukuta katikati. Haikuwa mvua kubwa, lakini kioo cha upande mmoja kilikuwa hakipandi hadi mwisho, na maji yaliingia kwa upenyo yakateremka mlangoni hadi kwenye kiti na kujikusanya katikati, palipobonyea. Dada alisema anahisi ubaridi. Mama akamwambia avumilie, tumefika. Ndani kulikuwa na joto, vioo vimefanya ukungu, wanawake wanaimba, na Baba akipiga honi kila tulipopita nyumba.

Kwa bwana harusi watu walikuwa wamejipanga hadi barabarani. Ngoma ilikuwa inalia. Baba alishuka, akazunguka, akafungua mlango, mimi na Bibi tukashuka, somo akafuata, na Baba akasimama wima kama askari wa gwaride. Dada akashuka, uso umeinama ndani ya shela, vigelegele vikapaa. Akapiga hatua chache kuelekea mlangoni kwa wakwe zake.

Ndipo vigelegele vilipoanza kufa, kutoka nyuma kwenda mbele.

Mimi nilikuwa nyuma yake. Gauni jeupe, kuanzia kiunoni kushuka, lilikuwa na doa jekundu kubwa kuliko sinia, mbichi, linateremka. Unajua mtu akiona doa jekundu mahali hapo kwa mwanamke anafikiria nini. Ngoma ilinyamaza. Shangazi wa bwana harusi, mama mnene aliyekuwa amesimama mlangoni na chetezo cha udi, alitazama, akasema kwa sauti ambayo haikuwa kubwa lakini wote waliisikia, "Leo? Si mngetuambia, tukaahirisha."

Dada hakuelewa. Aligeuka kutafuta wanachokitazama watu, na katika kugeuka akawaonyesha wale waliokuwa hawajaona. Kuna mwanamume aliyeinamisha kichwa. Kuna watoto waliocheka. Niliona mkono wa Dada ukienda nyuma, ukagusa, ukarudi mbele na wekundu. Nilitaka ardhi ipasuke, na si kwa ajili yake, bali kwa ajili yetu, kwa sababu mimi niliijua ile rangi. Nilitazama viganja vyangu, nikavificha kwapani.

Baba alikuwa bado ameshika mlango wa gari.

Mama alikuwa amekwisha kushuka upande wa pili. Alikuwa amevaa gauni lake la hariri la rangi ya maziwa, la pekee la namna hiyo alilokuwa nalo. Alikuwa amelibana kwa khanga njia nzima, na sasa aliifungua ile khanga, akamtupia Bibi, akazunguka gari, akampita Baba, akaingia tena. Akakaa pale pale alipokuwa amekaa Dada. Alikaa kwa nguvu, akajisugua kama mtu anayekuna nazi. Kisha akashuka, akaenda katikati ya watu, akawageuzia mgongo wakwe wote.

"Tazameni," alisema. "Ni kiti. Kiti chetu, tumekishona wenyewe na rangi tumepika wenyewe, imetoka. Mwali hana neno."

Bibi naye akasema kutoka nyuma, "Rangi ni yangu. Ya mikeka."

Halafu mtu akacheka, na kicheko kikaenea kama moto kwenye nyasi. Kilikuwa kicheko cha watu walioondolewa hofu, sasa naelewa hivyo. Shangazi alicheka hadi akaweka chetezo chini. Akaja na khanga mpya, akamzungushia Dada, akamkumbatia, vigelegele vikarudi, na mwali akaingizwa ndani kwa heshima zake zote. Kicheko kilibaki nje pamoja nasi. Mama alisimama pale, amejitia doa mbele ya kaumu, akingojea mtu ampe kitu cha kujifunika, na kwa muda hakuna aliyekumbuka. Mimi ningeweza kwenda. Sikwenda. Bibi ndiye aliyemfuata na kumfunga.

Baba hakuingia kula. Alikaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja nje. Kijana mmoja wa upande wa bwana harusi alimpelekea sahani ya pilau, akamwambia kwa adabu iliyojaa kicheko, "Karibu, Fundi Rangi." Baba akashukuru. Sahani aliiweka juu ya buti, na inzi wakaila.

Njiani kurudi Mama alijaribu. "Nia ilikuwa njema," alisema.

"Nia haifui nguo," Baba akajibu. Hayo ndiyo maneno yote ya safari ile.

Jina lilifika Kibaha kabla yetu, sijui kwa miguu gani. Shule ilipofunguliwa niliitwa mtoto wa Fundi Rangi, na mtu akiwa na kidonda, ilisemwa kakalia gari letu. Baba mwenyewe alichana vile vitambaa kwa kisu, siku moja tu baada ya harusi, bila kuzifumua nyuzi tulizozishona. Kiti cha nyuma alikitupa nyuma ya nyumba, kuku wakaingia kwenye makumbi ya Bibi na kutaga. Mbele akaweka ubao juu ya spring na gunia juu ya ubao. Alikwenda ofisini peke yake na kurudi peke yake. Watu waliona haya kumwomba gari, wakidhani amekasirika, naye aliona haya kuwapa, akidhani wanacheka. Lile tundu la michongoma likaanza kuota majani. Kilichoniuma zaidi, na bado kinaniuma, ni kwamba Baba alianza kujipangusa suruali kila aliposhuka garini, mikono miwili, kama mimi.

Mwaka haukuwa umekwisha Dada aliporudi kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza. Hatukwenda kumwona. Mama alikwenda peke yake, akarudi haraka. Kisha mchana mmoja wa Jumamosi tulisikia michongoma inavunjika, na jirani akatokea uani kwetu amechanika mkono, hana hata viatu.

"Baba, gari lipo?"

Baba alikuwa anafua mashati yake. Alisimama na povu mikononi. "Lipo. Ila halina kiti, jirani. Nyuma hakuna kitu."

"Sikuja kuomba kiti," jirani alisema. "Mtoto anataka kutoka."

Mama alikwisha kulivuta godoro la kitandani kwao. Walilikunja nyuma ya gari, Dada akaingizwa, ameuma pembe ya khanga. Mimi nikapakizwa mbele na kikapu cha vitambaa na chupa ya chai, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunishusha. Baba aliendesha huku amekaza shingo, akikwepa kila shimo kama vile barabara imetandikwa mayai. Hakutazama kioo cha nyuma hata mara moja. Nilimtazama mimi, na niliona masikio yake yamewiva kwa aibu.

Uchungu ulipompa Dada nafasi ya kupumua, alisema kutoka nyuma, sauti imekauka, "Baba, safari hii nikilichafua gari, itakuwa ni mimi kweli."

Mama aliangua kicheko. Jirani akacheka huku analia. Baba hakucheka. Alisema, "Unisamehe, mwanangu." Sikuwahi kumsikia akimwambia mtu mdogo maneno hayo, wala kabla wala baada.

"Endesha, Baba," Dada akasema. "Endesha."

Alizaa mtoto wa kike, salama. Godoro Baba alilifua mwenyewe, uani, mbele ya macho ya watu wote, na watu walipopita walimsalimia, naye akaitikia. Baada ya hapo hodi zilirudi, ingawa si kama zamani. Viti hakuvishona tena. Wagonjwa walilala kwenye godoro, wazima wakakaa kwenye ubao. Jina la Fundi Rangi alizeeka nalo, na wale waliomwita hivyo mwishoni hawakujua lilitoka wapi. Aliitikia. Lakini mimi niliyekuwa nikimjua niliona kila mara kitu kikimpita usoni.

Leo Bibi hayupo. Lile bonde la makumbi Kibuta limekauka na kulimwa. Jirani naye ametangulia, na watoto wake waliuza nyumba. Penye michongoma pana ukuta wa tofali wenye vipande vya chupa juu, na nyuma yake wanakaa watu wema ambao majina yao siyajui, wana magari mawili yenye vioo vyeusi na huondoka kabla hakujapambazuka. Njia ya vumbi siku hizi ukiiuliza, kijana anakuonyesha lami.

Nami, hata sasa, nikialikwa harusini, bibi harusi akishuka garini na watu wakapiga vigelegele, macho yangu hayaendi usoni kwake. Yanaenda nyuma ya gauni, na moyo unasimama hadi nihakikishe ni jeupe. Magari yenyewe ni ya kukodi, yamefungwa maua, dereva ana glavu, na viti vyake ni safi kuliko kitanda changu. Likitokea la kutokea, ipo namba ya simu ya kupiga na kulalamika. Huwa nawatazama wanawake waliovaa sare na kupendeza, wamesimama na simu zao juu wakirekodi, na najiuliza ni nani kati yetu, tukiwa hapo wote, angefungua khanga yake akarudi kukaa.